Mbao Tatu za Paa la Mzee

Siku niliyoitwa nijaribu kazi ya gredi, ya kupima ubora wa mbao, mzee aliyekuwa akiifanya aliweka ubao mmoja wa saiprasi juu ya meza ndefu ya chuma, akaugeuza mara moja, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Naona mbao."

"Hiyo hata ng'ombe inaona. Sema kitu iko ndani."

Niliinama. Karibu na katikati palikuwa na duara jeusi lenye ukubwa wa kifuniko cha soda. Nikasema naona fundo, mahali tawi lilipokuwa limeota.

"Iko hai ama imekufa?"

Sikujua kwamba fundo linaweza kufa. Nikabahatisha, nikasema liko hai. Mzee akachukua patasi, akagonga mara moja katikati ya lile duara, na kipande kikadondoka sakafuni. Ubao ukabaki na tundu ambalo ningeweza kupitisha kidole gumba.

"Tawi ilikauka zamani," akasema. "Mti ikaendelea kukua ikaizunguka, lakini haikushikana nayo. Ukipandisha hii kwa paa, siku moja itavunjikia hapa. Na chini yake kuna watu wamekaa wanakula."

Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nilikuwa nimekuja Eldoret kutoka upande wa Kakamega nikamwacha binti yangu kwa mama, nikafanya kazi za nyumbani Elgon View kwa miaka mitano, hadi familia ile ilipohama nchi. Nyumba yao ilikuwa na dari ya mbao iliyopakwa vanishi. Kila Ijumaa nilipanda kiti nikaifuta utando wa buibui, na katika miaka yote mitano sikuwahi kujiuliza mbao zile zilitoka wapi wala nani alizichagua. Walipohama nilienda kukaa na shangazi yangu mtaa wa Langas. Jirani yake ndiye aliyetuambia kuna yadi ya mbao inayotafuta wanawake wa kupaka rangi ncha za mbao mbichi ili zisipasuke, na kuzipanga kwa kuweka vijiti katikati hewa ipite.

Niliifanya kazi hiyo kwa mwaka mmoja na zaidi. Mzee wa gredi nilimwona kwa mbali tu, amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, kreyoni nyekundu iko sikioni. Mstari mmoja ulikuwa gredi ya kwanza, miwili ya pili, mitatu ya tatu. Msalaba ulimaanisha ubao hauuziwi mtu wa kujenga. Mafundi walimwogopa kidogo. Alikuwa na ulimi mkali asubuhi kabla hajanywa chai, na hakupenda mtu amguse bega akiwa anafanya kazi.

Alinitambua kwa sababu ya ubao mmoja niliokataa kuuweka chini ya rundo. Niliuweka kando, naye akapita akauliza ni nani ameutupa pale.

"Ni mimi, Mzee. Inayumba. Ukiiweka chini, zote za juu zitajifunza kupinda."

Alisimama akaufikiria ule ubao, kisha akaenda zake. Wiki iliyofuata aliniita mezani.

Ilinichukua miezi mingi kujifunza. Alinifundisha kwamba miti iliyopandwa na wakulima kando ya mashamba huwa na mafundo mengi, kwa sababu hakuna aliyeipunguza matawi ikiwa michanga, na kwamba mti wa msituni uliopogolewa vizuri hutoa ubao safi kama shuka. Alinifundisha kutafuta moyo wa mti, ile sehemu laini ya katikati ambayo hupasuka ikikauka. Zaidi ya yote alinifundisha kupapasa. Kila ubao aliuanza kwa mkono wa kushoto, vidole vinne vimenyooka, akitembea polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha upande wa pili, kisha kwenye kingo. Mimi nilikuwa na haraka ya kutazama.

"Weka mkono kwanza," alikuwa akiniambia. "Macho inapenda mbao ingine kuliko ingine. Mkono haina mapendeleo."

Nikaweka mkono. Baada ya mwaka ngozi ya vidole vyangu ilijua tofauti ya fundo lililoshikana na lile linalocheza. Mchana tulikula pamoja nyuma ya banda la msumeno, yeye akiwa na maziwa yake katika chupa ya plastiki, mimi na viazi vyangu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila juu ya mke wake aliongea bila kuulizwa. Walikuwa wamepanga nyumba ndogo Kapsoya kwa miaka mingi, nyumba ya mabati yasiyo na dari, na mvua ya Eldoret ikianza saa tisa alasiri hamsikilizani tena.

"Ananiambia kitu, naona mdomo tu," alisema. "Nikisema ati nini, anachoka kurudia. Sasa mvua ikinyesha tunakaa tu kama watu wamekosana."

Walikuwa wakijenga upande wa Kaptagat, kwenye kipande cha shamba alichoachiwa na baba yake. Kuta zilikuwa zimefika juu na kusimama hapo. Mkewe alikuwa ametaka kitu kimoja katika nyumba ile, dari ya saiprasi, waweze kuongea mvua ikinyesha.

Umri wake wa kustaafu ulipofika, mwenye yadi alimwita ofisini akamwambia kwamba zawadi yake ya kumuaga itakuwa mbao zote za paa na dari. Achague mwenyewe, achukue muda wake. Mzee alitoka ofisini ameshika kofia mkononi. Siku hiyo hakumgombeza mtu yeyote.

Alichagua kwa wiki sita. Kila ubao alioupenda aliutia mstari wake mmoja mwekundu, akaupeleka kwenye kona ya banda la mwisho na kuufunika kwa turubai. Nilijitolea kumsaidia, akakataa. Alisema paa la mke wake atalichagua mwenyewe. Nilimwelewa. Nilimwachia kona yake, nikaendelea na meza.

Siku chache kabla lori halijaja kubeba mbao hizo, mvua ya upepo ilifunua turubai. Mzee alikuwa ameenda mjini kushughulikia karatasi zake za kustaafu. Nilikimbia kufunika, na nilipokuwa nikivuta ncha ya turubai nikaona ubao wa sita kwa mbili, mojawapo ya zile ndefu za kenchi zitakazobeba mabati, na katikati yake doa la kahawia lenye kingo kama ramani. Uozo ulikuwa umeanza. Ubao ulikuwa na mstari mmoja mwekundu.

Nilidhani nimekosea. Nikauvuta nje hadi penye mwanga. Halikuwa kosa. Nikaacha kufunika, nikaanza kupitia rundo lote, ubao mmoja baada ya mwingine, mvua ikinipiga mgongoni. Zaidi ya mbao mia zilikuwa safi kabisa, nzuri kuliko zozote zilizowahi kutoka katika yadi ile. Lakini nilipata nyingine mbili. Moja nyuzi zake zilikuwa zinakimbia mshazari kutoka ukingo hadi ukingo, na ubao wa namna hiyo huvunjika ghafla, hautoi hata mlio wa kukuonya. Nyingine ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ule ambao mti huupata unapoangushwa vibaya juu ya jiwe.

Nilikaa juu ya rundo nikiwa nimelowa. Mtu huyu alikuwa amerudisha ubao wangu mara ngapi kwa sababu ya kasoro ndogo kuliko ile? Nikakumbuka vitu ambavyo nilikuwa nimeviona bila kuvifikiria: jinsi alivyokuwa akisogeza karatasi hadi karibu na pua, na jinsi alivyokuwa akisubiri mtu aongee ndipo amsalimu.

Nilifanya jambo ambalo wakati ule niliona ni la upendo. Nilitoa zile mbao tatu, nikazipeleka kwenye rundo la kuni. Nikatafuta nyingine tatu za urefu uleule, nzuri, nikazitia mstari mmoja mwekundu nikijaribu kuiga mkono wake, nikazichomeka katikati ya rundo. Kisha nikafunika turubai.

Alirudi asubuhi iliyofuata. Saa nne hivi nikamsikia akiniita, si kwa sauti ya ukali. Nikamkuta kwenye kona yake ameweka kiganja juu ya mojawapo ya zile mbao zangu.

"Hii sikuchagua mimi," akasema.

Nikasogea hadi kando ya rundo.

"Yangu ilikuwa na fundo kidogo hapa kwa mwisho, iko hai, imekaa vizuri. Nilikuwa naipitia kila siku kabla ya kwenda nyumbani. Hii haina." Akasogea, akapapasa nyingine. "Na hii. Nani ameingia hapa?"

"Ni mimi, Mzee."

"Kwa nini?"

Ningeweza kumwambia pale pale. Badala yake nikasema kwamba mvua ilikuwa imeingia, zikalowa, nikaona heri nibadilishe. Alinisikiliza hadi mwisho. Uso wake ulikuwa umeelekezwa kwangu, lakini macho yalitazama kidogo kando ya sikio langu.

"Mbao inaharibika na mvua ya siku moja?" akauliza. "Mimi ndio nilikufundisha hivyo?"

"Hapana."

"Basi iko kitu uliona, na mimi sikuona."

Akatoa kreyoni sikioni, akaishika kidogo, akaiweka juu ya rundo.

"Miaka yote hii nimekuambia usidanganye kwa mbao," akasema. "Sasa umenidanganya mimi."

Akachukua koti lake akaondoka, akipapasa ukuta wa banda kwa mkono wa kushoto. Kesho yake hakuja. Kesho kutwa pia hakuja. Safari ya lori iliahirishwa.

Siku ya tatu, baada ya kazi, nilipanda boda boda hadi Kapsoya. Mke wake alinifungulia mlango. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya chini, na alinishika mkono kwa mikono yake miwili kana kwamba alikuwa akinisubiri. Mzee alikuwa ameenda kwa jirani kusikiliza taarifa ya habari.

"Ni wewe umemwambia?" akaniuliza tulipokaa.

"Sikumwambia, Mama. Nilimficha. Ndiyo maana amekasirika."

Akaitika kwa kichwa. Akanimiminia chai, akaniambia kwamba kwa muda sasa mzee wake alikuwa akimwaga chai nje ya kikombe, na kila akimwambia, jibu ni kwamba stima ya nyumba hii ni hafifu. Walikuwa wamebadilisha balbu mara tatu.

"Mimi ni bibi yake," akasema. "Nikimwambia haoni, anasikia kama namwambia amezeeka. Nilikuwa naomba Mungu mtu wa kazi yake ndio amwambie. Yeye anaamini mambo ya kazi."

"Naogopa, Mama. Nitamvunja moyo."

"Moyo yake imeshavunjika tangu juzi, na hajui ni kwa ajili ya nini. Hiyo ndiyo mbaya. Mwambie, ajue ni macho."

Mzee alipoingia na kusikia sauti yangu, alisimama mlangoni. Nikainuka. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakanitoka.

"Mzee, nimekosa," nikasema. "Mbao tatu zilikuwa mbaya. Nilipaswa kukuonyesha, nikaona haya. Naomba kesho uje unisomeshe tena hizo tatu. Sijazichoma. Ziko."

Alikaa kwanza. Mke wake akamwekea kikombe mkononi, akakisimamisha hadi vidole vyake vilipokishika vizuri.

"Ziko na nini?" akauliza.

"Moja iko na doa. Moja nyuzi zimelala. Moja iko na ufa."

"Ufa ya kupita ama ya juu?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka uje."

Alikuja. Nilikuwa nimezipanga zile tatu juu ya meza ya chuma, na kreyoni yake kando, kabla hajafika, nikawaomba wenzangu wazime msumeno kwa nusu saa. Mwenye yadi alichungulia dirishani akaona, akarudi kwenye kiti chake.

Mzee alipapasa ule wa kwanza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mkono ulipofika kwenye doa haukusimama. Nikaushika, kwa adabu, nikaurudisha na kuuweka juu yake.

"Ni hapa," nikasema.

"Sisikii kitu."

"Haishikiki, Mzee. Ni rangi tu."

"Rangi gani?"

"Kahawia. Kama chai ya rangi ikimwagika kwa karatasi. Kingo zake ni nyeusi kidogo."

"Imefika kwa ukingo?"

"Bado. Inchi moja imebaki."

Akaomba kisu, akachoma ncha yake pale nilipomwonyesha, akaipinda juu. Kijipande kikatoka kifupi na kukatika bila nyuzi, kama biskuti. Akakisugua kati ya vidole, akakinusa.

"Imeoza," akasema polepole. "Ungeniachia hii, ingefika Kaptagat."

Hivyo ndivyo tulivyofanya na zile mbili nyingine. Kwenye ile yenye nyuzi zilizolala nilichora mstari kwa kidole chake, nikifuata njia ya nyuzi, hadi kidole kikatoka nje ya ukingo, naye akasema mwenyewe, "Msalaba." Kwenye ile ya ufa tulimwaga maji kidogo upande mmoja, tukangoja, nikamwambia yametokea upande wa pili. Kila mara alinipa kreyoni, mimi nikatia alama.

Tulipomaliza aliomba kiti. Alikaa akiwa ameweka mikono juu ya magoti.

"Sasa hizo zingine zote tutazipitia," akasema. "Wewe sema kitu unaona, mimi niseme ni gredi gani. Na usinihurumie."

Tulizipitia kwa siku mbili. Nakumbuka siku hizo mbili kuliko zote nilizofanya kazi pale. Nilikuwa sijawahi kulazimika kueleza ubao kwa maneno, na kumbe nilikuwa sijauona. Nilimwambia juu ya pete za ukuaji zilizobanana mahali mti ulipopitia ukame na kuachana tena mvua iliporudi. Nilimwambia juu ya fundo dogo lenye rangi ya asali. Wakati mwingine alisema, "Ongeza hapo," nikaongeza. Hatukupata nyingine ya kutupa. Jioni ya siku ya pili tulikuwa tunacheka, hata sikumbuki kwa nini.

Baada ya hapo alikubali kwenda kupimwa macho. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari katika hospitali moja mjini alisema ugonjwa huo umekuwa ukimfunga macho kwa miaka mingi, na akashangaa alivyokuwa akifanya kazi. Walimfanyia upasuaji wa jicho moja kwanza, kisha la pili miezi miwili baadaye. Wakati huo paa lilikuwa limeshapanda na dari imeshapigiliwa. Mafundi walikuwa wamefanya kazi huku yeye amekaa chini, akiuliza kila ubao umekaaje.

Nilienda kuwaona Kaptagat Jumapili moja bandeji ilipokuwa imeshatolewa. Nilibeba sukari na mkate. Mke wake alinikaribisha, akanikalisha sebuleni chini ya ile dari ya saiprasi ambayo bado ilikuwa ikinukia. Mzee akatoka chumbani amevaa miwani myeusi. Akaivua. Akaja hadi mbele yangu akasimama, akanitazama usoni kwa muda mrefu, jinsi ambavyo sikuwahi kumwona akimtazama mtu.

"Uko na kovu," akasema. "Hapo kwa paji."

"Ndio, Mzee. Nilianguka na debe la maji nikiwa mdogo."

"Ilikuwa hapo siku zote?"

"Siku zote."

Akamgeukia mke wake, kisha akanirudia. Nilikuwa nimefanya kazi kando yake kwa miaka minne, meza moja, bega kwa bega. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwahi kuuona uso wangu vizuri hata siku moja, na kwamba alipokuwa akinisisitizia niweke mkono kwanza, alikuwa akinipa njia pekee iliyokuwa imembakia. Zile mbao tatu zilimpita kwa sababu kasoro zake zilikuwa za kuonekana tu, si za kushikika. Zile mia nyingine alizichagua karibu gizani, na hakukosea hata moja.

Nafikiri na yeye aliona kwamba nimejua, maana aliangalia chini.

"Nilikuwa nadhani wewe ni mtu mrefu," akasema.

Mke wake akacheka hadi akaweka sahani chini. Tukala ugali na mboga ya mrenda aliyoipika kwa ajili yangu, akiwa amemuuliza mwanamke wa Kakamega sokoni jinsi inavyotengenezwa. Ilikuwa na chumvi nyingi. Nilikula yote, nikaomba nyingine. Kabla hatujamaliza mvua ikaanza juu ya mabati, na yule mama akaendelea kumweleza mzee habari ya jirani yao na ng'ombe wake aliyepotea, bila kupandisha sauti.